SOMO LA USALAMA: Kreni ya Lori, Inavyoinua Mizigo na Sababu ya Umma Kukaa Mbali

Wakazi wa Sachangwan, Salgaa, Migaa na Mau Summit wamezoea kuliona lori lenye mkono wa chuma likipanda mlima kwenda kuliondoa trela lililoanguka. Lori la aina hiyo huonekana pia mbali na barabara kuu. Huinua nguzo za stima, hushusha makalavati na matangi ya maji, hupakia magogo, na jingine lenye kikapu humfikisha fundi kwenye taa za barabarani. Manufaa yake ni makubwa. Hata hivyo, chombo hiki huweza kuua mwendeshaji, utingo au mtazamaji kwa muda mfupi sana kikitumiwa vibaya. Somo hili linaeleza kinavyofanya kazi, mipaka yake, na mambo ambayo kila mwananchi anapaswa kuyafahamu kabla ya kukisogelea.

1. Kwa nini Sachangwan

Barabara kuu ya kutoka Nakuru kwenda Eldoret hupanda kwa muda mrefu kuelekea Mau Summit. Gari linaloteremka kuelekea Salgaa hukutana na mteremko mrefu. Dereva anayeweka gia huru ili kuokoa mafuta huzitegemea breki pekee. Breki hushika moto, hulegea, na lori lenye tani nyingi hukosa wa kulisimamisha. Ukungu na mvua ya sehemu hizi za juu huongeza hatari. Alfajiri ya tarehe 31 Desemba 2017, basi na lori viligongana Migaa na watu 36 wakapoteza maisha.

Kwa wengi, hata hivyo, jina la Sachangwan limefungamana na tarehe 31 Januari 2009. Siku hiyo ya Jumamosi lori la mafuta lilianguka kando ya barabara. Watu walikuja na mitungi, ndoo na chupa kuteka petroli iliyokuwa ikimwagika. Moto ulipolipuka, zaidi ya watu 100 walifariki, wengine papo hapo na wengine hospitalini. Baadhi yao hawakuweza kutambuliwa, wakazikwa katika kaburi la pamoja.

Msiba wa namna hiyo haukuishia hapo. Tarehe 2 Julai 2010, zaidi ya watu 200 waliteketea Sange, mashariki ya Kongo, baada ya lori la mafuta kupinduka. Tarehe 10 Agosti 2019 ilikuwa zamu ya Msamvu, Morogoro, nchini Tanzania. Mahali pote pawili, lori lilikuwa limeshaanguka na watu wengi walikuwa wazima kabla ya moto. Muda kati ya kuanguka kwa lori na kuondolewa kwake ndio muda wa hatari, na ndio muda ambao kreni inahitaji kupewa nafasi.

2. Aina za malori ya kuinulia

Lori la kwanza ni lile lenye mkono mfupi unaokunjwa nyuma ya kibanda cha dereva. Wengi huliita Hiab, ingawa hilo ni jina la kampuni iliyoanzishwa Uswidi mwaka 1944. Mwanzilishi wake, Eric Sundin, alikuwa mtengenezaji wa mbao za kutelezea kwenye theluji, na wazo lake lilikuwa kutumia nguvu ya injini ya lori lenyewe kuinulia mzigo. Lori hili hujipakia na kujipakua, kwa hiyo linafaa kwa nguzo, magogo, mawe ya zege na matangi.

La pili ni kreni kamili iliyojengwa juu ya lori, yenye mkono mrefu unaochomoza kwa vipande. Hii hufanya kazi nzito kama kuweka mihimili ya daraja au kuinua kontena na trela.

La tatu ni gari la kuvuta na kuokoa magari yaliyoharibika. Chanzo chake kinajulikana. Mwaka 1916, fundi wa magari wa Chattanooga, Marekani, Ernest Holmes, alitengeneza gari la kuvutia baada ya kuhangaika kulitoa gari la rafiki yake mtoni kwa kamba na nguvu za watu. Gari la aina hii hutegemea zaidi winchi, yaani ngoma inayozungushwa na injini huku ikikunja kamba ya waya.

La nne ni lori lenye kikapu cha kumbeba fundi. Kikapu hicho kimetengenezwa kwa ajili ya watu. Ndoano ya kreni ya kawaida haikutengenezwa kwa ajili hiyo, na mtu hapaswi kuning'inia juu yake hata kwa dakika moja.

3. Nguvu inatoka wapi

Injini ya lori huzungusha pampu. Pampu husukuma mafuta maalumu kupitia mipira minene hadi kwenye silinda zilizo chini ya mkono. Mafuta hayo hayabanwi yakapungua, kwa hiyo yanaposukumwa upande mmoja husukuma pistoni upande wa pili.

Mfano utasaidia. Pistoni yenye kipenyo cha sentimita 10 ina uso wa takriban sentimita za mraba 78. Mafuta yakisukuma kila sentimita ya mraba kwa nguvu ya kilo 200, pistoni hiyo husukuma kwa nguvu ya takriban tani 16. Ndiyo maana silinda inayoweza kukumbatiwa na mtu mmoja huinua mzigo ambao watu mia wangeshindwa kuusogeza.

Nguvu hiyo ina hatari yake. Mpira ukipasuka, mkono usio na vali ya kuuzuia huporomoka. Hata tundu dogo kama la sindano hurusha mafuta kwa kasi ya kupenya ngozi. Mtu aliyechomwa na mafuta ya namna hiyo apelekwe hospitali mara moja, hata kama kidonda kinaonekana kidogo.

4. Umbali hula uwezo

Kosa linalopindua kreni nyingi ni kudhani kwamba kreni ya "tani kumi" huinua tani kumi popote. Mtu akibeba mtungi wa maji wa lita 20 karibu na kifua, anaweza kutembea nao. Akiunyosha mbele kwa mikono miwili, mgongo unapinda na miguu inayumba. Maji hayakuongezeka, kilichoongezeka ni umbali.

Kreni hufuata kanuni hiyo hiyo. Uzito wa mzigo huzidishwa kwa umbali wake kutoka katikati ya kreni. Chukua kreni yenye uwezo wa 20, ukipimwa kwa tani kuzidishwa kwa mita:

- mzigo ukiwa mita 2, huinua tani 10;
- ukiwa mita 4, huinua tani 5;
- ukiwa mita 8, huinua tani 2.5.

Kwa kweli uwezo huwa chini ya hapo, kwa sababu mkono wenyewe una uzito, na unaporefushwa uzito huo pia huenda mbali. Ndiyo maana kila kreni hubandikwa jedwali la uwezo. Mwendeshaji husoma umbali kwanza, kisha uzito. Jedwali likifutika au likipotea, kazi isubiri.

Uzito nao haukisiwi kwa macho. Tangi la maji la lita 5,000 likiwa tupu husogezwa na vijana wachache. Likijaa, maji pekee ni tani 5. Mita moja ya ujazo ya zege ina takriban tani 2.4. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki huruhusu lori la ekseli 7 kufikia tani 56 pamoja na mzigo wake. Lori la namna hiyo likilala mtaroni, likajaa matope na kunasa mizizi, nguvu ya kulitoa huweza kuzidi uzito wake.

5. Miguu ya pembeni na udongo

Kabla ya kuinua chochote, lori hutoa miguu ya pembeni ili kupanua kitako chake. Miguu hiyo itolewe yote hadi mwisho. Mwendeshaji anayetoa upande mmoja tu kwa sababu barabara ni nyembamba hupunguza uwezo wa kreni, hasa mkono unapozungukia upande usiotolewa.

Jambo la pili ni udongo. Mguu unaobeba tani 12 juu ya kisahani cha sentimita 40 kwa 40 huukandamiza udongo kwa tani 75 kwa kila mita ya mraba. Bega la barabara lililolowa mvua halivumilii. Ukiwekwa ubao mnene wa mita 1 kwa mita 1 chini ya kisahani, mgandamizo hushuka hadi tani 12 kwa mita ya mraba. Ubao huo wa bei ndogo huokoa kreni ya mamilioni na watu walio chini yake. Mguu usiwekwe juu ya mtaro uliofunikwa, kalavati, shimo la choo au udongo uliojazwa karibuni.

Kwenye mteremko kama wa Sachangwan, lori lenyewe lisawazishwe kwanza. Mzigo ulioning'inia hutafuta bondeni. Kreni iliyoinama kidogo tu hujikuta mzigo umesogea mbali kuliko ilivyopangwa, na sehemu ya 4 imeonyesha kinachofuata.

6. Minyororo, mikanda na kamba ya waya

Mzigo hufungwa kwa mnyororo, kamba ya waya au mkanda mpana. Pembe ya kufunga ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani. Chukua mzigo wa tani 4 ulioshikwa na minyororo miwili:

- minyororo ikisimama wima, kila mmoja hubeba tani 2;
- ikiwa na pembe ya nyuzi 60 kutoka usawa wa mzigo, kila mmoja hubeba tani 2.3;
- ikiwa nyuzi 45, tani 2.8;
- ikilala hadi nyuzi 30, kila mmoja hubeba tani 4 kamili.

Mzigo ni ule ule, lakini mnyororo uliolazwa sana hubeba mara mbili ya uliosimama. Fundi akiona pembe imelala, atafute minyororo mirefu zaidi.

Kamba ya waya yenye nyuzi zilizokatika, iliyojikunja au kuliwa na kutu iondolewe kazini. Ndoano iwe na kifungo cha kuzuia mkanda kuchomoka. Kamba ya winchi ikikatika ikiwa imevutwa, hurudi kama mjeledi na huweza kukata mguu. Kwa hiyo mtu yeyote akae mbali kwa umbali usiopungua urefu wa kamba iliyotolewa, na asisimame katika mstari wake. Mzigo ukizidi winchi, kapi inayosogea pamoja na mzigo huweza kuikaribisha nguvu kuwa mara mbili, huku kasi ikipungua kwa nusu. Kapi ni njia ya salama kuliko kulazimisha injini.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka mitambo ya kuinulia, minyororo na kamba zikaguliwe na mtu aliyeidhinishwa, na uwezo salama uonyeshwe wazi. Mwenye mjengo, shule au shamba anayekodi kreni ana haki ya kuomba kuona cheti cha ukaguzi kabla kazi haijaanza. Mwenye kreni halali hatachukizwa na swali hilo.

7. Nyaya za stima

Mkono wa kreni ni chuma, na nyaya nyingi za vijijini hubeba volti 11,000 au 33,000. Si lazima mkono uguse waya. Umeme wa nguvu hiyo huweza kuruka pengo dogo. Kanuni inayotumiwa Marekani hutaka umbali usiopungua mita 3 kwa nyaya zisizozidi volti 50,000, na kukaa mbali zaidi ni bora. Mahali ambapo umbali huo haupatikani, Kenya Power iombwe kuzima laini kwanza.

Mkono ukigusa waya, mwendeshaji abaki ndani na ajaribu kuutoa. Walio nje wasiguse lori wala mzigo. Ikibidi kutoka kwa sababu ya moto, aruke mbali miguu ikiwa pamoja, asishike lori na ardhi kwa wakati mmoja, kisha asogee kwa hatua ndogo za kuburura, miguu ikigusana. Hatua ndefu huruhusu umeme kupanda mguu mmoja na kushuka kwa mwingine. Nambari ya dharura ya Kenya Power ni 97771.

8. Lori la mafuta likianguka

Hii ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata katika baridi ya Molo. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hutambaa chini, hufuata mitaro na mabonde, na hufika mbali bila kuonekana. Pikipiki inayowashwa, sigara, jiko la mkaa la muuza mahindi au chuma kinachosuguana na lami hutosha kuuwasha. Anayeteka mafuta akifika nyumbani na nguo zilizolowa, huupeleka moto huo jikoni kwake.

Kazi hufuata utaratibu huu:

Kwanza, polisi hufunga barabara na kuwaondoa watu. Miongozo ya kimataifa ya dharura hutaka angalau mita 50 kila upande mafuta yanapovuja, mita 300 upande wa uendako upepo ikiwa yamemwagika mengi, na mita 800 kila upande ikiwa tangi linaungua.

Pili, wazima moto huja na povu. Katiba ya mwaka 2010 inaziweka huduma za zimamoto na kukabiliana na majanga katika majukumu ya kaunti. Povu hutandazwa juu ya mafuta ili kuufunika mvuke. Maji matupu hayasaidii kwa petroli, kwani petroli huelea juu yake na kusambaa.

Tatu, mafuta huhamishwa hadi lori jingine tupu kwa pampu isiyotoa cheche, malori yote mawili yakiwa yameunganishwa kwa waya wa kupeleka umeme tuli ardhini. Lita 30,000 za petroli ni takriban tani 22. Kuinua tangi likiwa limejaa ni kuongeza mzigo huo, na tangi lililopasuka huweza kufunguka likiwa hewani.

Nne, kreni huletwa, mara nyingi mbili, na tangi hushikwa kwa mikanda mipana badala ya minyororo, ili lisibonyee wala kutoa cheche. Huinuliwa polepole huku povu likiwa tayari. Tangi lililomwagwa si salama bado: mvuke uliobaki ukichanganyika na hewa huweza kulipuka.

Kazi hii huchukua saa nyingi. Msongamano hurefuka na madereva hukasirika. Hata hivyo, anayelazimisha kreni ianze kabla ya hatua ya tatu anacheza na maisha ya wote waliopo. Na kila kijana anayevuka kamba ya polisi akiwa na mtungi huilazimisha kazi nzima isimame.

9. Ishara na eneo la kazi

Mwendeshaji hufuata ishara za mtu mmoja tu. Kidole kikielekezwa juu na kuzungushwa maana yake ni inua. Kikielekezwa chini na kuzungushwa ni shusha. Ishara moja tu huruhusiwa kutolewa na yeyote: simama. Mikono yote miwili ikinyooshwa pembeni na kupungwa, mwendeshaji asimamishe kazi kwanza na kuuliza baadaye.

Hakuna mtu anayeruhusiwa kupita wala kusimama chini ya mzigo ulioning'inia, awe mwenye mali, chifu au mwanahabari mwenye kamera. Mzigo unaozunguka huongozwa kwa kamba ndefu, si kwa mkono. Upepo ukivuma kwa nguvu au ukungu ukimficha mtoa ishara, mzigo ushushwe.

10. Wananchi wafanye nini

- Wapige simu 999 au 112 mara waonapo ajali. Msalaba Mwekundu wa Kenya hupatikana kwa 1199. Waeleze mahali, aina ya gari na kama kuna mafuta yanayovuja.
- Kama ni lori la mafuta, wakimbie kuelekea upepo unakotoka na sehemu ya juu, wasielekee bondeni. Simu ipigwe baada ya kufika mbali.
- Wahudumu wa boda boda wazime injini na kuwasimamisha wengine mbali, wasipeleke abiria kutazama.
- Wazazi na walimu wawaeleze watoto kwamba lori lililoanguka si mali ya kuokota.
- Anayeona kreni ikifanya kazi bila miguu kutolewa, au karibu na nyaya za stima, amwambie msimamizi wa kazi au atoe taarifa kwa Idara ya Usalama na Afya Kazini.

Maswali ya kujipima

1. Kreni yenye uwezo wa 24, ukipimwa kwa tani kuzidishwa kwa mita, itainua tani ngapi mzigo ukiwa mita 6?
2. Kwa nini ubao huwekwa chini ya mguu wa pembeni?
3. Kwa nini petroli huhamishwa kabla tangi halijainuliwa?
4. Nani anaruhusiwa kutoa ishara ya kusimama?

Majibu

1. Tani 4, kabla ya kuondoa uzito wa mkono wenyewe.
2. Ili uzito usambae kwenye eneo kubwa na udongo usididimie.
3. Ili kupunguza uzito na kuzuia mafuta kumwagika tangi likiwa hewani.
4. Mtu yeyote aliyeona hatari.

Walimu, viongozi wa vikundi vya boda boda na mabaraza ya wazee wanaombwa kusoma sehemu ya 8 na ya 10 kwa sauti mbele ya watu wao. Waliopotea Sachangwan mwaka 2009 walikuwa majirani waliosikia habari ya mafuta ya bure. Habari ya hatari inapaswa kuwafikia majirani wa leo mapema kuliko hiyo.